Gari la nyumbani: kulipeleka yadi au kumuuzia mtu mkononi?

Toyota Wish yetu tunaiuza shingo upande, maana watoto wamehama na gharama hazingoji. Yadi ni rahisi: unaliacha gari, wanakutafutia mteja, kisha wanakata chao. Lakini yadi nyingi hapa Mombasa hazina paa. Gari likikaa juani wiki baada ya wiki, dashibodi hupauka na hewa ya chumvi huanza kula bati chini ya milango. Gari lililotunzwa halistahili hayo.

Mkononi kuna usumbufu wa simu na madalali, kweli. Ila mnunuzi huja na fundi wake, wakafungua boneti, wakachomoa kijiti cha oili, wakapekua risiti za sevisi moja moja. Hapo ndipo utunzaji unapolipwa, na mimi nachagua njia hii. Nataka kumjua atakayelichukua.

Pesa ziingie benki kwanza, ndipo uanzishe uhamisho wa umiliki kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, naye mnunuzi akubali kwa akaunti yake. Asiondoke nalo likiwa bado kwa jina lako: likipata ajali, wa kwanza kutafutwa ni wewe.