TAHADHARI: Kariakoo nimeuziwa nati mbili kwa laki na ishirini

Wadau, nina hasira na nina aibu, na sijui ipi imezidi. Mimi niliyemcheka Baba Neema mwaka mzima kwa ile simu yake iliyogeuka kipande cha sabuni ya mche alipofika nyumbani, mimi huyuhuyu Jumamosi nimetoka Kariakoo na kiboksi chenye nati mbili. Baba Neema, nakuomba radhi hapa mbele za watu. Tumekuwa ngoma droo.

Mama mwenye nyumba hataki kusikia spika yangu, mnaijua habari hiyo, sirudii. Ndiyo iliyonitoa nikatafute ile ampu ndogo, kikuza sauti cha kuchomeka kwenye gitaa. Unavaa hedifoni, unapiga gitaa lako la besi saa sita usiku, jirani anaambulia mlio wa nyuzi tu. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenitajia Vox amPlug, ile toleo la besi. Kinaenea kiganjani, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, kina tundu la hedifoni na tundu jingine la kuingizia muziki kutoka kwenye simu ili upige ukifuatisha. Kwa sisi wa chumba na sebule, hicho ndicho kifaa chetu.

Nikashuka mwendokasi Gerezani kama saa tano asubuhi, nikazama mitaa ya ndani. Fremu yenyewe mbele wanauza spika za magari. Pembeni kuna meza ya kioo, nyuma yake kijana mmoja na kofia yake. Nimesimama tu:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Unapiga nyuzi nne au tano?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Nimezunguka maduka manne siku ile, hakuna aliyeniuliza swali la maana. Mmoja alinipa kipaza sauti cha mchungaji akaniambia ni kilekile. Huyu kaniuliza nyuzi! Nikamwambia nne. Akatungua gitaa la besi lililokuwa limening'inia ukutani, kuukuu, rangi imeliwa pale dole gumba linapokaa. Akachomeka kifaa. Akafuta hedifoni kwa shati lake, akanivisha mwenyewe kama nesi anayekufunga bandeji.

Akapiga. Jamani. Ile besi ya muziki wa dansi, inayotembea taratibu halafu ghafla inaruka kama mtu anayevuka mtaro na viatu vipya. Niliisikia kwenye meno. Nikafumba macho katikati ya Kariakoo, kitu ambacho mtu mwenye akili zake hafanyi.

"Unaisikia hiyo E ya chini, mzee, ule uzi mnene? Hiyo ni hezi 41. Spika ya simu haiwezi kuitoa, inakupa kivuli chake tu."

Ni kweli. Nimeuliza baadaye, ni kweli. Nikatoa zile hedifoni zangu zisizo na waya nijaribu, akanizuia. "Hizo rudisha mfukoni mzee. Bluetooth inachelewesha sauti. Unagusa uzi leo, unasikia kesho. Tafuta za waya, hata za elfu kumi na tano." Na hilo nalo ni kweli! Kila alichosema kilikuwa kweli isipokuwa biashara yenyewe.

Halafu sikilizeni hili. Nikamwonyesha kingine kwenye kioo, cha laki tatu na nusu, kina bluetooth na programu yake ya simu. Akakunja uso. "Cha nini mzee? Wewe bado unajifunza. Hela hiyo nunua nyuzi mpya na umlipe mwalimu." Sasa niambieni nyie mnaojifanya wajanja: tapeli gani anakataa laki tatu na nusu? Mimi pale pale nikajiambia huyu kijana kalelewa. (Nimekuja kujua kile cha laki tatu kilikuwa mali ya mwenye fremu. Yeye hakuruhusiwa hata kukigusa.)

Bei laki na nusu. Tukavutana mpaka laki na ishirini. Nikanyoosha mkono nichukue kile nilichosikia nacho, akacheka kwa adabu. "Hii ya mfano mzee, kila mtu kaishika. Dogo! Lete mpya stoo." Dogo akapotea dakika kama kumi. Mimi huku nimenunuliwa maji ya Uhai baridi, napewa mafunzo: ukimaliza kupiga chomoa, usiache kwenye gitaa, betri zitaisha. Dogo akarudi anatoka jasho, boksi limevalishwa nailoni, limebana kabisa, lina stika ya sili.

Nikasema tufungue tujaribu. "Ukikata sili hapa, waranti imekufa mzee." Na mimi, ninayekagua tarehe ya mkate mpaka Mangi wa dukani ananinunia, nikatikisa kichwa kukubali. Waranti ya nani? Ya wapi? Sikuuliza. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, akasema imegoma mtandao, akaniandikia karatasi. Nikalipa kwa lipa namba, jina likatokea la saluni. "Ya mama watoto hiyo," akasema. Nikacheka. Nikaweka namba ya siri huku nacheka.

Usiku watoto wamelala, nikakata nailoni kwa wembe taratibu kama nafungua mahari. Betri ndani, taa nyekundu ikawaka. Nilivyofurahia ile taa, Mungu anajua. Nikachomeka, nikagusa E.

Mbu. Mbu na mvua ya redio. Nikazungusha kitasa cha sauti, sawa. Nikazungusha cha katikati, kikazunguka, kikazunguka, hakina mwisho, kama kifuniko cha soda. Nikajiambia betri. Nikatoa betri za rimoti ya TV saa saba usiku. Mbu yuleyule. Nikakitikisa sikioni: koche koche koche. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Ndani kuna kibao cha saketi ukubwa wa ukucha, kitaa, nyaya mbili, na nati mbili zimegandishwa kwa ile gundi ya kuyeyusha ili kiwe na uzito mkononi. Moja ilikuwa imebanduka, ndiyo iliyokuwa inacheza. Mke wangu akaamka, akasimama mlangoni, akaangalia meza. "Hiyo ndiyo besi?" Nikamwambia alale.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, nikarudi. Meza ya kioo ipo, ina chaja za simu na dada mwingine. Mwenye fremu anasema yule hukodi meza kwa siku, hamjui kwao. Nikamuuliza na lile gitaa? "Gitaa langu," anasema, "aliliomba tu ajaribishie wateja." Simu ya kijana haipatikani. Nimefungua RB, namba ya taarifa polisi. Afande aliyeniandikia ameniambia kujipatia mali kwa udanganyifu ni hadi miaka 7 jela, na mimi nataka apewe yote 7, bila kupunguziwa hata siku ya Iddi wala Krismasi. Humo ndani apewe besi isiyo na ampu, apige E hiyohiyo kutwa mara tatu kama dawa, mpaka vidole vitoke malengelenge. Dogo wa stoo naye asiseme alitumwa. Jasho lile lilikuwa la kukimbia kufunga nailoni!

Na kinachoniuma si laki na ishirini. Yule kijana anajua kupiga. Anapiga kuliko mimi, kuliko yule wetu wa kwaya (asisome hapa). Angefundisha kwa elfu kumi kwa saa, mimi ningekuwa mwanafunzi wa kwanza. Kaamua kugandisha nati.

Mnaniuliza inbox dalili za kifaa feki ni zipi. Dalili! Ile ya mfano ni ya kweli, hapo ndipo mtego ulipo, kwa hiyo nunua hiyohiyo uliyoisikia au mpya ifunguliwe na ipigwe mbele yako kabla ya hela kutoka. Jina la lipa namba. EFD. Ile ya mfano jeki yake, pini ya kuchomeka kwenye gitaa, ilikuwa inakunjuka na kuzunguka, yangu imekaza kama msumari, na neno Bass linabanduka kwa ukucha. Mengine siyakumbuki, nilikuwa nimefumba macho. Ila kama mtu anasimamia meza ya kukodi na anakuita mzee wangu kila baada ya sentensi, ondoka, nenda kanywe kahawa. Na ukikutana naye, usimgombeze, mpigie picha unitumie na uniambie uko mtaa gani. Nitakuja na RB yangu na afande.

Kwa wanaoniuliza najifunzia nini sasa: sina kitu. Napiga kavu, nimeegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati. Mbao inapokea mtetemo na E inasikika kidogo, msinicheke. Mama mwenye nyumba bado hajagundua.

Nati nimezipima, spana namba 15. Junior amejaribu kuzifunga kwenye tairi la nyuma la baiskeli yake. Moja imeingia. Nyingine inapwaya.