Sahani yangu ya malakiti na ile mize ndogo ya mafundi

Jina ya pale sitaandika, juu kuko mambo nitalalamikia na wale wazee tunapitana nao kila siku, lakini mwenye kukaa Lubumbashi akiulizia mafundi wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ataonyeshwa tu. Ni atelie ya kuchonga mawe, sasa mbele wametenga chumba kimoja njo wanakiita mize, yaani makumbusho. Unalipa franka 5 000 mlangoni, unapewa kijana wa kukuzungusha.

Chumba chenyewe, niseme ukweli, ni kibaya. Taa moja, na siku yetu umeme ulikatika tukatembea na tochi ya telefone. Vioo vimejaa vumbi, karatasi za maelezo zimefutika. Kuko kroazeti mbili, misalaba ya shaba, zimelala kwenye kitambaa, nikauliza ni za nini, kijana akasema paka "ni za zamani sana, mama." Basi? Misalaba ile ilikuwa feza ya watu wa huku! Pale Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, walifukua makaburi 1957 wakakuta watu wamezikwa nayo, wengine wameshikishwa mkononi, na bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo 1960 ikawekwa misalaba tatu. Mtoto wa masomo akiingia pale anatoka bila kujua hata moja ya hayo, na yake 5 000 imeenda.

Ukutani pia wamebandika picha iliyokatwa kwenye kalenda, ile chumba ya kijani ya jumba la mfalme kule Saint Petersburg, Urusi, kijana anakuambia nguzo zote ni malakiti tupu mpaka ndani. Si kweli. Wale walipasua jiwe vipande vyembamba sana wakavibandika juu ya jiwe la kawaida, kimoja kando ya kingine, mistari ikafatana mpaka jicho linadanganyika. Nilimwambia, akacheka, akasema ataambia wazee.

Lakini usirudie hapo mlangoni. Omba wakupeleke nyuma kwenye kiwanja, hapo njo feza yako inalipa.

Nyuma kuko msumeno wa mviringo unazunguka huku maji yanaumwagia bila kuacha, juu jiwe hili halipendi moto, na kingine ni vumbi, vumbi ya malakiti ni shaba, ukivuta kila siku kifua kinaharibika. Maji yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji wa kijani, unawafika vijana mpaka kwenye kiwiko, kucha zao hazitakati tena. Na wakisugua kwa msasa mukavu? Hapo niliona mmoja amefunga pua na kitambaa cha shingo tu. Mahali panauza sanamu ya dola mia mbili hapakosi feza ya maski, mi nilimwambia papa, mzee fundi wa pale, usoni.

Papa alinichukulia jiwe lisilokatwa. Kwa nje ni kitu cha ajabu kabisa, mabonge-mabonge kama zabibu, rangi imefifia, ukikuta njiani ungeruka. Akalipitisha kwenye msumeno, polepole, pengine dakika kumi, tukasimama tunangoja kama watu wanangoja bukari (ugali). Likafunguka. Mistari ya kijani, nyeusi-nyeusi halafu ya majani mabichi halafu ile ya kupauka, inazungukana kama pete za mti. Akanieleza ni maji yenye shaba yalikuwa yanapita kwenye mianya ya ardhi yanaacha ngozi juu ya ngozi, wakati mrefu sana. Akageuza nusu ya pili, akanyamaza. Katikati kuko tundu kubwa ya kuingiza kidole. Alikuwa amelipangia sanamu ya tembo. "Sasa ni hereni," akasema, akalitupa kwenye karai.

Nikajifunza pia kwamba tundu ndogo wanaziba na kole (gundi) iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe, hawafichi, ukiuliza wanakuonyesha. Na malakiti ya uongo, ya plastiki, inajulikana kwa mkono: ya kweli ni nzito, inakaa baridi hata umeishika muda, na mistari yake haifanani miwili. Ya uongo ni nyepesi na mistari imenyooka kama ya suruali ya polisi. Papa ndiye alisema ile ya kwamba wazee wa zamani hawakuwa na shida ya mapambo, jiwe la kijani waliliweka kwenye tanuru ya udongo wa kichuguu na makaa na mivukuto, likatoka shaba. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, so tunachonga mali.

Nikanunua sahani kidogo, dola 25 baada ya kubishana (alianzia 40). Katikati yake kulikuwa na jicho, duara nyeusi na pete tano kamili, nilihesabu. Hakuna mtu aliniambia kitu, walifunga kwenye gazeti, kwaheri.

Nyumbani mama mkwe akaona sahani nzuri, akaweka ndimu na pilipili mezani kwa wageni. Asubuhi yake sahani imekuwa kama chokaa, mng'ao umekwenda, alama ya kipande cha ndimu imebaki pale pale kama muhuri. Ndimu, siki, vyote vinakula jiwe hili, na chakula kilicholala juu yake si cha kula. Hiyo njo lawama yangu kubwa. Mtu akiuza sahani, si aseme haiwekwi chakula? Hata kikaratasi.

Nilirudi nimefura. Papa akaishika, akaipitisha kidole. "Mama, mulikula nayo?" Nikasema na wewe hukusema. Akakubali, hakubisha, na hakunilipisha. Akakaa kwenye kigoda akaanza na msasa mkali, halafu wa katikati, halafu ule laini kama karatasi ya daftari, na maji, halafu poda kwenye kitambaa, karibu saa nzima mi nakunywa soda ya moto. Iking'aa tena nikaangalia jicho. Kwa kusugua alikuwa ameshuka ngozi moja. Ile duara nyeusi imekuwa kubwa kidogo na pete zimebaki nne.