Uzamili wa saikolojia tiba Uingereza: kozi ipi inafika wodini, ipi inaishia darasani

Kwenye maonyesho ya vyuo vya nje, vipeperushi vya saikolojia hugombaniwa, na kinachoisha mapema ni kile kilichoandikwa MSc Clinical Psychology, mwaka mmoja. Jina linavutia, muda ni mfupi, na muuzaji mezani hana haja ya kusema uongo, kwa sababu msomaji anajidanganya mwenyewe. Kozi hiyo haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba nchini Uingereza. Haikuundwa kwa kazi hiyo, hata ikifundishwa na maprofesa wazuri kiasi gani.

Sababu iko kwenye sheria. Tangu 2009 wanasaikolojia wa fani za tiba Uingereza wanasajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia pia fani nyingine kadhaa za afya. Cheo cha "clinical psychologist" kinalindwa. Anayekitumia bila kuwa kwenye rejista ametenda kosa. Kwa aliyesomea huko huko, mlango wa rejista ni shahada ya uzamivu ya miaka 3 iliyoidhinishwa na baraza. Neno "psychologist" peke yake halilindwi, na ndiyo maana vipeperushi hulichezea watakavyo.

Tuianze hiyo MSc yenyewe. Ndani yake kuna masomo ya magonjwa ya akili, namna ya kumpima mgonjwa na kueleza chanzo cha shida yake, nadharia za tiba, mbinu za utafiti na tasnifu. Mazoezi mengi ni ya kuigiza: mwanafunzi mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine mtaalamu. Vyuo vichache huongeza wiki kadhaa za kukaa kwenye kituo cha huduma, na mara nyingi mwanafunzi anatazama zaidi kuliko kutenda. Inamfaa mtu wa aina mbili: mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia inayotambuliwa ambaye alama zake za utafiti zilikuwa dhaifu na anataka kuzisafisha, na anayelenga kufundisha chuoni au kuendelea na uzamivu wa utafiti. Wengine wote wanalipia jina.

Wanaoumia zaidi ni waliosoma ualimu, sosholojia au ustawi wa jamii. Ili kuomba uzamivu wa saikolojia tiba ni lazima uwe na GBC, yaani uthibitisho wa chama cha wanasaikolojia wa Uingereza, BPS, kwamba misingi yote ya saikolojia umeisoma. MSc ya saikolojia tiba kwa kawaida haitoi GBC. Mtu anamaliza mwaka, anabeba cheti chenye jina zuri, kisha anagundua kwamba anapaswa kurudi kusoma uzamili mwingine kabisa. Ada mara mbili, kodi ya nyumba mara mbili, viza mara mbili. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika safari hii, na linazuilika kwa dakika 5: ingia kwenye tovuti ya BPS, tafuta kozi kwa jina lake kamili, angalia kama imeidhinishwa kwa GBC na kwa mwaka unaoingia wewe. Idhini inakaa kwenye kozi, haikai kwenye chuo. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi tatu za saikolojia zenye majina yanayofanana, moja ikawa na idhini na mbili zisiwe nayo.

Kozi inayotoa GBC kwa waliotoka fani nyingine ni ile ambayo vyuo huiita conversion: uzamili wa krediti 180, mwaka mmoja kwa wa kutwa, kwa kawaida miaka 2 kwa wa muda. Inapitia saikolojia ya kibayolojia, ya utambuzi, ya ukuaji, ya jamii, tofauti za watu binafsi, historia ya fani, na utafiti. Haina mvuto wa jina, lakini kati ya kozi zote za mwaka mmoja hii ndiyo inayofungua mlango unaofuata. Masharti mawili ya kushika: wastani usishuke chini ya asilimia 50, na mradi wa utafiti uwe wa kukusanya na kuchambua data halisi, nao ufaulu kwa miguu yake mwenyewe. Aliyefaulu kila kitu akaanguka mradi, GBC hana.

Kinachoangusha watu hapa ni takwimu. Mwalimu aliyefundisha fasihi miaka 8 anaandika insha nzuri kuliko darasa zima, lakini wiki ya sita anakutana na uchambuzi wa tofauti za wastani na rigresheni, programu inamletea jedwali la namba, na mhadhiri anaendelea kana kwamba kila mtu alizaliwa nalo. Dawa ni kuanza miezi mitatu kabla. Pakua Jamovi, programu ya takwimu ya bure inayoendeshwa kwa kubofya tu. Jifunze kusoma jedwali la matokeo kabla ya kujifunza fomula. Ukiona chuo kinatumia R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri, anza na R moja kwa moja.

Kwa aliye Arusha, Kisumu au Mombasa, pendekezo letu ni conversion ya masafa, mradi tu hiyo njia ya masafa yenyewe iwe imeidhinishwa. GBC ni ile ile, viza haihitajiki, kazi huachi. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa hawaruhusiwi kwenda Uingereza na mwenza wala watoto, kwa hiyo kwa mwenye familia mwaka wa kutwa ni mwaka wa kutengana. Tahadhari ni moja: ukikusanya data nyumbani, kibali cha maadili cha chuo cha Uingereza hakitoshi. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na Tanzania utafiti wa afya hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Vibali hivi havitoki kwa wiki moja. Mwambie msimamizi mapema, au chagua mada itakayofanyika mtandaoni kwa washiriki walioko Uingereza.

Mwenye shahada ya saikolojia kutoka chuo cha nyumbani asinunue conversion kabla ya kupeleka matokeo yake BPS yakapimwe. Wengine hukuta wamekamilika. Wanachoombwa ni orodha ya alama, mtaala wa kila somo, na maelezo ya mradi wa utafiti. Mtaala ndio unaochelewesha, maana ofisi za idara hazina kawaida ya kuutoa kwa mtu mmoja mmoja. Uombe ukiwa bado unasoma, wenye mhuri.

Sasa uzamivu wenyewe, unaofupishwa DClinPsy. Kama mafunzo, hatujui kitu cha kuushinda. Karibu nusu ya muda mtu yuko kazini na wagonjwa chini ya usimamizi, kwa kawaida vipindi vya takriban miezi 6: watu wazima, watoto, wazee, wenye ulemavu wa akili, halafu eneo la kuchagua. Analazimika kujifunza zaidi ya aina moja ya tiba, na mojawapo ni lazima iwe CBT, ile inayoshughulikia mawazo na tabia. Waliopata nafasi za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ni waajiriwa: wanalipwa mshahara wa daraja la 6 huku ada ikilipwa kwa ajili yao, na wakihitimu wanaanzia daraja la 7.

Lakini nafasi hizo kwa kawaida ni za wenye hadhi ya mwanafunzi wa ndani. Wa kutoka nje anabaki na vyuo vichache vinavyopokea wanaojilipia, na ada ya uzamivu wa miaka 3 kwa kiwango cha kimataifa ni mzigo ambao kaya nyingi haziwezi kuubeba. Na hata kwa mwenye hadhi, waombaji ni mara kadhaa ya nafasi. Maombi ya vyuo karibu vyote hupitia ofisi moja iliyoko Leeds, mara moja kwa mwaka, na dirisha hufungwa Novemba. Wengi hujaribu mara mbili au tatu. Kinachowakwamisha kwa kawaida ni uzoefu: nafasi za msaidizi wa mwanasaikolojia hupata maombi mengi kiasi kwamba tangazo linaweza kufungwa siku lilipotoka. Kazi ya kuhudumia wodi ya wagonjwa wa akili au nyumba ya wazee wenye upotevu wa kumbukumbu inahesabika. Wanaosoma fomu hawatafuti cheo cha kazi. Wanataka kuona ulichojifunza kwa mgonjwa, na namna ulivyotumia maneno ya msimamizi wako.

Hapa tuwageukie wauguzi, kwa sababu Waswahili walioko kwenye wodi za Uingereza ni wengi na njia yao ni fupi kuliko wanavyodhani. Muuguzi wa afya ya akili aliyesajiliwa anahesabiwa kuwa na fani ya msingi ya kuingia mafunzo ya mtaalamu wa CBT; vivyo hivyo ofisa ustawi wa jamii na mtaalamu wa tiba kwa shughuli. Hahitaji GBC, hahitaji conversion. Stashahada hiyo ya uzamili ni ya takriban mwaka mmoja, na kwenye huduma za NHS Talking Therapies za England mwanafunzi anaajiriwa daraja la 6 kisha anapanda la 7. Ili apate ithibati ya BABCP, chama cha tiba hiyo, anatakiwa awe na saa 200 za tiba zilizosimamiwa na wagonjwa 8 aliowatibu tangu mwanzo hadi mwisho. Hapati cheo cha mwanasaikolojia tiba, ila anakaa na mgonjwa mmoja mmoja, anatibu sonona, hofu na kiwewe, na mshahara wa kuanzia ni ule ule. Kwa muuguzi mwenye miaka 40 na watoto shuleni, hii ndiyo kozi bora kwenye ukurasa huu.

Ngazi iliyo chini yake ni ya PWP, wanaotoa msaada mfupi kwa wenye sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini hadi cha kati. Mafunzo ni siku 45 ndani ya mwaka wa kazi, daraja la 4, kisha la 5. Ni shule nzuri ya nidhamu: simu nyingi, dodoso za PHQ-9 na GAD-7 za kupima sonona na wasiwasi kila kikao, usimamizi kila wiki. Mtego wake ni kanuni ya fedha: England, aliyemaliza mafunzo yaliyolipiwa na NHS husubiri miaka 2 kabla ya kulipiwa mengine. Anayeichukua PWP kama ngazi ya kupandia uzamivu aihesabu hiyo miaka mapema.

Uskoti wana kitu cha pekee: uzamili wa mwaka mmoja wa tiba ya kisaikolojia katika huduma za msingi, unaotolewa na Dundee na Stirling kwa pamoja, na ule wa watoto na vijana wa Edinburgh. Mwanafunzi ni mwajiriwa wa NHS na anaona wagonjwa tangu mwanzo. Ni uzamili mzuri, ila thamani yake ya ajira imefungwa zaidi ndani ya Uskoti.

Uzamivu wa saikolojia ya ushauri nao unafika kwenye rejista ya HCPC, kwa saa zisizopungua 450 na wateja. Kwa kawaida unajilipia mwenyewe, pamoja na tiba yako binafsi ambayo ni sehemu ya mafunzo.

Limebaki swali ambalo maonyesho ya elimu hayaliulizi: unataka kumtibu nani? Kama ni watu wa Mwanza, Kitui au Mbarara, uzamili wa saikolojia tiba wa Muhimbili, wa Chuo Kikuu cha Nairobi au wa Makerere unakupa kitu ambacho MSc ya mwaka mmoja ya Uingereza haina, yaani wagonjwa wa kweli hospitalini wakati bado unasoma. Mgonjwa wa pwani hasemi ana sonona. Anasema "nina mawazo mengi", "moyo unanienda mbio", "kichwa kinawaka moto". Kujua lini maneno hayo ni huzuni ya msiba, lini ni ugonjwa, na lini ni shinikizo la damu linalopaswa kupimwa kwanza, kunafundishwa kitandani kwa mgonjwa, kwa lugha yake, mbele ya msimamizi anayeisikia. Na Kenya, tangu sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014, kuna bodi ya kusajili na kutoa leseni. Cheti cha nje chenye utafiti mwingi na mazoezi kidogo kitaulizwa maswali. Mtanzania apeleke cheti chake TCU, tume ya vyuo vikuu, kikatambuliwe kabla ya kuomba kazi.

Aliyesomea nyumbani hajajifungia mlango wa Uingereza. HCPC hupokea maombi ya waliosoma nje na kulinganisha mafunzo yao na viwango vyake, na waombaji hukwama kwa kukosa ushahidi hata pale ujuzi wao ulipotosha. Kwa hiyo daftari la mazoezi lianze siku ya kwanza ya uzamili: tarehe, kituo, umri wa mgonjwa bila jina, tatizo, kipimo kilichotumika, aina ya tiba, idadi ya vikao, saa za usimamizi. Watoto na wazee wawemo, maana hao ndio hukosekana kwenye madaftari mengi. Kila ukurasa usainiwe mwisho wa mwezi. Msimamizi akihamishwa kabla hajasaini, kumtafuta miaka mitano baadaye athibitishe saa zako ni kazi nzito kuliko tasnifu.