Kiwiko kilichopasuka mara ya kwanza

Kiwiko cha roboti yangu ya kuchezea kilipasuka mara ya kwanza nilipokikunja. Nilikuwa mezani, taa inawaka, karatasi ya maelekezo iko mbele yangu, nafuata hatua kwa hatua. Nikasikia "tak", kisha ufa mweupe ukatambaa kwenye plastiki ya kijani kutoka kwenye tundu la pini hadi ukingoni. Roboti hii nimeinunua laki tatu na nusu, usafirishaji na kodi havimo.

Kwa asiyejua: kuna roboti za Transformers zenyewe, midoli inayogeuka kutoka gari kuwa roboti, za kampuni za Hasbro na Takara Tomy, halafu kuna hizi za kampuni nyingine zisizo na leseni. Msiziite feki. Feki ni kunakili kazi ambayo mwingine ameshaibuni. Hizi zimebuniwa upya kuanzia skrubu ya kwanza, ila sura ni ya mhusika tunayemjua na jina limebadilishwa kukwepa kesi. Tunazipenda kwa sababu zinafanana na wahusika wa ile katuni ya 1984 kuliko midoli iliyouzwa wakati ule. Na kwa bei yake, mtu ana haki ya kudai.

Yangu ni ya lile kundi la magari sita ya ujenzi, ya kijani na zambarau, yanayoungana kuwa jitu moja, Devastator. Loda na gari la zege ndiyo miguu, tipa ni kiuno, kreni ni kifua na kichwa, katapila ni mkono wa kushoto, kijiko, lile gari la kuchimba, ni mkono wa kulia. Zinauzwa moja moja, na kati ya moja na nyingine miezi inaweza kupita. Ukishanunua la kwanza umefungwa, maana mkono wa kampuni nyingine hauingii kwenye bega hili. Mimi nilikuwa na matatu tayari. Kijiko, hili lililopasuka, ni la nne. Bila hilo jitu langu ni kilema, na matatu niliyolipia yanabaki kukaa kabatini yakingoja.

Nikamwandikia muuzaji. Picha tano, video moja, maneno ya heshima. Siku kama tatu kimya, kisha jibu: "Rafiki, umelazimisha. Wateja wengine hawana tatizo."

Umelazimisha! Mtu hajaniona, hajaishika, hajauliza hata ufa umeanzia wapi. Niliomba kipande cha mkono tu, kipande kisichozidi kidole gumba, nikasema nauli nitalipa mimi. Akanitumia picha ya karatasi ya maelekezo, ileile niliyokuwa nayo mezani, na mshale mwekundu. Nilipoandika tena hakujibu kabisa. Kuanzia siku hiyo kila kitu cha roboti hii kilinichefua: rangi ya zambarau nikaiona imepauka, kifundo cha mguu nikakiona kinacheza, hata harufu ya boksi. Nyota moja, nilikuwa nimeshaamua, na hiyo moja kwa sababu hakuna sifuri.

Rafiki yangu ndiye aliyenisukuma nimpelekee fundi saa. Kuna mzee mtaani kwetu, meza yake iko barazani chini ya ngazi, amekaa hapo tangu nikiwa shule ya msingi. Nikamwamkia, nikamtolea roboti, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Alivaa lenzi yake, akaigeuza geuza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hukuivunja wewe."

Akanionyesha. Ile pini ya chuma ina meno madogo upande mmoja tu, ili ing'ang'anie plastiki isichomoke. Tundu la upande huo lilikuwa jembamba mno, na pini imepigwa ikaingia hivyohivyo. Plastiki imekaa imetanuliwa tangu kiwandani, inasubiri mtu wa kwanza kukunja kiwiko. Ufa wote ulikuwa upande wa meno. Upande laini ulikuwa mzima kabisa.

Aliisukuma pini kutokea upande laini ili meno yarudi njia yalikoingilia, akalipanua tundu kidogo sana, akatia supaglu kwenye ufa, tukangoja ikauke. Kisha akaweka pini laini aliyoikata kutoka kwenye mkanda wa saa. Shilingi elfu tano. Nikampa kumi, akanirudishia tano.

Nilipofika nyumbani nikaigeuza tena, taratibu, na hapo ndipo moyo ulipoyumba. Mkono wa kijiko unajikunja mara tatu na kujificha mgongoni bila kubaki hata ukingo. Minyororo inafunguka katikati na kuwa miguu, na kila hatua inamalizikia kwenye mlio mdogo wa kufunga. Hakuna kipande cha kubandika, hakuna cha kuchomoa ukakiweka pembeni. Aliyeibuni hii ana kipaji kikubwa, na amesalitiwa na mtu wa kupiga pini. Nikiishika siwezi kusema haifai pesa yake. Inafaa. Nikikumbuka ile "umelazimisha", haifai hata nusu.

Usiku huo niliyatoa na yale matatu nikayamulika kwa taa ya simu. Tipa na katapila vina alama nyeupe kwenye tundu la pini, mahali palepale. Bado hazijawa ufa. Kwa hiyo "wateja wengine hawana tatizo" maana yake hawajafika kwenye tatizo. Mwenye nazo azimulike leo, aangalie upande wa meno, na asizikunje zikiwa na baridi ya kiyoyozi.

Nyota ngapi basi? Muuzaji sifuri, na sirudi kwake. Roboti yenyewe nilitaka kuandika nne, nikakumbuka tipa, nikaandika mbili, na sasa naiangalia hapa mezani imesimama mkono juu. Tatu.

La tano, gari la zege, nilishalilipia kabla ya haya yote. Limefika wiki hii. Sijaligusa kiungo hata kimoja. Nimelibeba na boksi lake kwa mzee, amesema nimwachie hadi Jumamosi aangalie pini zote.