Jaketi zito la mtumba au jaketi la pikipiki?

Jaketi zito la mtumba, lile la sponji wanalovaa bodaboda wengi, linakinga upepo wa alfajiri, basi. Ukiburuzika kwenye lami, nailoni yake nyepesi huyeyuka kwa joto la msuguano na kugandia kwenye kidonda, na muuguzi hulazimika kukisugua ili aitoe.

Jaketi la pikipiki lina ngozi nene au kodura (kitambaa kigumu cha nailoni nene), mishono ya mistari miwili au mitatu, na pedi mabegani na viwikoni. Soma lebo ya pedi: EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha pedi za viungo. Pedi ya Daraja la 2, iliyo bora zaidi, hupitisha nguvu ya pigo ya wastani usiozidi kilonewtoni 20 inapopimwa. La 1 huruhusiwa hadi 35. Kaa kama unaendesha, kisha ishike pedi ya kiwiko uizungushe. Ikihama, jaketi ni kubwa mno, na siku ya ajali kiwiko kitabaki wazi. Mgongoni mara nyingi wameweka sponji la kujazia mfuko tu. Litoe, weka pedi ya mgongo yenye lebo ya EN 1621-2.

Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, chukua la wavu lenye kodura mabegani na viwikoni. Ngozi huzuia mchubuko vizuri zaidi, lakini jaketi lililoachwa nyumbani halimkingi mtu. Wala hakuna jaketi linalozuia kifua kupondwa na lori. Fedha zikiwa chache, nunua helmeti inayofunika uso wote kwanza, kisha glovu: anayeanguka hutanguliza viganja.