Kopo la kupuliza na eabrashi kwenye modeli za magari: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nilipaka modeli zangu za magari kwa makopo ya kupuliza tu. Baadaye nikanunua eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, na kompresa ya kuisukumia hewa, nikayafungia makopo kabatini nikiamini yamestaafu. Baada ya bodi tatu nilikwenda kuyatoa tena. Tangu hapo vyote viwili vinakaa mezani, kila kimoja na kazi yake. Ninaandika haya kwa sababu wanaoanza huambiwa wanunue eabrashi kwanza kama wanataka bodi inayong'aa. Mng'ao unapatikana kwa kopo. Eabrashi unainunulia wembamba wa rangi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Makopo ninayoyafahamu kuliko mengine ni ya Tamiya, yale yenye herufi TS. Ni laka, rangi inayokauka thina yake inaporuka, kopo moja lina 100 ml, na kwa kipimo cha 1/24, yaani modeli ndogo mara 24 kuliko gari halisi, linanitosha bodi mbili, wakati mwingine tatu. Yapo pia yenye herufi PS, na anayenunua kwa haraka huyachanganya. Hayo ni ya bodi laini za magari ya rimoti, zinazopakwa kwa ndani. Plastiki ngumu ya modeli za kuunganisha haiyataki.

Sifa kubwa ya kopo ni kwamba pua yake hutoa rangi nyingi kwa mpulizo mpana, kiasi kwamba ukipita mara mbili tatu umeshafunika boneti yote. Rangi inatua ikiwa mbichi, kila mstari unaukuta wa jirani haujakauka, na yote yanayeyukiana na kujisawazisha kabla thina haijaruka. Mng'ao unatoka hapo. Eabrashi yenye sindano ya 0.3 mm inapita na ukanda mwembamba. Ukifika ukanda wa tano, wa kwanza umeshakauka, na vitone vinautua juu vikiwa vikavu nusu. Ukipitisha kidole, bodi inakwaruza kama msasa mlaini. Bodi zangu tatu za kwanza za eabrashi zilikuwa hivyo zote, na nilizisugua kwa muda mrefu kuliko niliotumia kuzipaka.

Lakini kopo lina masharti. La kwanza ni joto. Kopo lililokaa kwenye chumba cha baridi lina msukumo mdogo na rangi nzito, hivyo linatema vitone vikubwa na bodi inatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Mimi naliweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, dakika kumi hivi, kisha nalifuta na kulitikisa vizuri. Maji yaliyochemka hapana kabisa: makopo haya hayatakiwi kuzidi nyuzi 50, na yakizidi yanaweza kupasuka. Utahisi pia kopo likipoa mkononi unapopuliza mfululizo, kwa sababu gesi iliyomo inachukua joto inapogeuka mvuke. Ndiyo maana kabla ya mkono wa mwisho wa rangi, yaani tabaka la mwisho, ule unaotakiwa uwe laini kuliko yote, narudisha kopo kwenye maji.

Sharti la pili ni ukavu wa hewa. Niliwahi kupuliza rangi nyeusi siku ya mvua, na kabla sijaweka kopo chini paa la gari lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe. Thina inaporuka haraka hupoza uso wa rangi, hewa yenye unyevu inaacha umande palepale, na umande huo unanaswa ndani ya laka. Nilisubiri siku kavu nikapiga mkono mwembamba wa rangi ileile. Kwa kuwa laka mpya huyeyusha ya chini yake, ukungu ulitoka. Laiti ingekuwa rangi ya enameli nisingeweza kuirudia kirahisi namna hiyo, maana enameli ikishakomaa haiyeyuki tena kwa mkono mpya wa enameli. Na laka kali juu ya enameli hukunja rangi yote kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa.

Mpangilio wangu wa mikono ni wa kawaida: miwili ya vumbivumbi, yaani myepesi inayotua karibu kavu, kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, kisha miwili mibichi karibu zaidi kidogo, kila mpulizo ukianzia nje ya bodi na kuishia nje ya bodi. Anayeanzia juu ya bodi yenyewe atapata machozi ya rangi kwenye milango.

Jambo moja halikuwa la kopo wala la eabrashi, na liliniharibia bodi nzima. Modeli ilikuja na plastiki nyekundu, mimi nikaitaka iwe nyeupe. Nilipiga praima, ile rangi ya msingi, nikapiga nyeupe, ikatoka safi. Asubuhi yake ilikuwa ya waridi. Rangi iliyomo kwenye plastiki nyekundu inaweza kuyeyushwa na thina ya laka na kupanda juu, mkono baada ya mkono. Sasa plastiki ya namna hiyo naikinga kwa tabaka la rangi ya fedha kabla ya nyeupe yoyote, na kwanza najaribu kwenye kipande kilichobaki cha fremu iliyoshikilia sehemu za modeli. Rangi nyingine zote nazijaribu kwenye mgongo wa kijiko cha plastiki, kwa kuwa umbo lake lina mteremko kama wa bampa na linaonyesha ukweli kuliko kipande bapa.

Sasa nieleze hesabu iliyonipeleka kwenye eabrashi. Rangi ya gari halisi, kuanzia praima hadi klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ina unene wa kama 0.1 hadi 0.15 mm. Gawa kwa 24, unapata takriban 0.005 mm. Hakuna anayepaka modeli kwa wembamba huo. Tuseme tabaka zako zote pamoja zina 0.05 mm, unene ambao ni vigumu kuuona kwa macho. Zidisha kwa 24: umevisha gari rangi yenye unene wa milimita 1.2, nene kuliko bati la mlango wenyewe. Na uwazi wa mlango wa milimita 4 kwenye gari halisi, kwa 1/24 ni 0.17 mm tu. Rangi ikiingia pande zote mbili, uwazi umekwisha nusu. Nilikuwa na Mazda MX-5 niliyoipenda sana, mng'ao wake ulikuwa kama kioo, lakini ukiitazama ubavuni ilionekana kama imechovywa kwenye asali: kona zimeviringika, mistari ya milango imejaa. Kosa lilikuwa langu, mikono mingi mno. Ila kopo halikuniachia nafasi ya kupunguza, kwa sababu pua ya kopo haina kidogo wala kingi. Ikifunguka inatoa kiasi chake kilekile.

Eabrashi yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, na sitaitaja. Mpira wa ndani ulivimba kwa thina ya laka na kifyatulio kikaanza kukwama. Niliyonayo sasa ni Iwata Eclipse HP-CS, sindano ya 0.35 mm, kikombe juu. Ukibonyeza kitufe inatoa hewa, ukikivuta nyuma inaongeza rangi. Kwa mtu aliyezoea kopo, vidole vinahitaji wiki kadhaa kujifunza kutenganisha mambo hayo mawili, na namshauri yeyote afanye mazoezi kwa maji yenye tone la rangi juu ya karatasi kabla ya kugusa bodi. Imenitumikia vizuri na thina ya laka haijaidhuru. Kompresa iwe na tangi, kwa sababu isiyo na tangi hutoa hewa kwa mapigo, na mapigo hayo yanaonekana kwenye rangi.

Kilichoondoa ule ukwaruzo niliousimulia juu hakikuwa chombo kipya, ilikuwa thina. Nilihamia Mr. Color Levelling Thinner, ambayo ina kichelewesho ndani yake. Rangi inakaa mbichi kwa muda mrefu zaidi, hivyo kanda zinapata nafasi ya kukutana. Laka ya chupa naichanganya sehemu moja kwa moja na nusu ya thina, mkono wa mwisho sehemu moja kwa mbili, msukumo psi 15 hadi 20, umbali wa upana wa kiganja. Kwa mchanganyiko huo napata bodi inayokaribia ya kopo kwa mng'ao, huku mistari ya milango ikibaki wazi. Inakaribia tu, haijafika, nami nimekubali.

Pale eabrashi inaposhinda bila ubishi ni rangi za metali. Fedha ya kopo ikitua mbichi, chembe zake huelea na kukusanyika, unapata madoa meusi na meupe kwenye paa na mistari myeusi pembezoni. Kwa eabrashi napiga mikono myembamba inayokauka karibu mara moja, kila chembe inabaki ilipotua, na klia ndiyo inayoleta mng'ao baadaye. Kwa fedha, ule ukavu niliokuwa naulalamikia unageuka msaada. Nimerudia kupaka magari mawili ya fedha ya zamani kwa sababu hiyo peke yake.

Ipo njia ya katikati ninayoitumia zaidi siku hizi: kutoa rangi ndani ya kopo na kuipuliza kwa eabrashi. Nafunga mrija wa kunywea kwenye pua ya kopo, naelekeza ndani ya chupa ya kioo, napuliza taratibu. Kopo halitobolewi hata siku moja, ndani kuna msukumo na gesi inayoshika moto. Rangi iliyotoka bado ina gesi ndani yake. Itachemka na kutoa povu, na chupa iachwe wazi mahali penye hewa hadi itulie yenyewe. Mimi naiacha usiku kucha. Nilipoharakisha, bodi ilijaa vitundu vidogo kama vya mkate. Ikishatulia inahitaji thina kidogo tu, na unapata rangi zote za TS kwa wembamba unaoutaka.

Klia bado ni ya kopo, TS-13, mikono miwili ya vumbi na mmoja mbichi. Juu ya stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, mikono ya vumbi isirukwe, kwa sababu laka ikizikuta mbichi inaweza kuzikunja. Zipo klia za sehemu mbili zinazochanganywa na kigumisha, na mng'ao wake ni mzuri kweli. Sizitumii. Kigumisha chake kina isosayanati, ambayo huweza kumletea mtu pumu ya maisha, na barakoa ya chujio niliyonayo sioni kama inatosha kwa kitu hicho chumbani.

Hata kwa laka ya kawaida, barakoa iwe ya chujio la mvuke, lenye mkaa, pamoja na tabaka la kuzuia chembe. Ya kitambaa au ya vumbi inazuia vitone na kuacha mvuke upite. Feni ya kutolea hewa nje nayo ni ya lazima, na mota yake isiwe ya kutoa cheche kwenye njia ya mvuke.

Usafi wa eabrashi unakula muda, na wauzaji hawausemi. Kubadilisha rangi ni dakika tano. Mwisho wa siku natoa sindano, nasafisha pua, napangusa kikombe, na mara nyingi muda huo ni mrefu kuliko wa kupaka rimu nne. Kopo naligeuza juu chini, napuliza hadi itoke gesi tupu, nimemaliza. Nikiwa na saa moja tu jioni nachukua kopo.

Kwa hiyo anayeanza na anaweza kununua kimoja tu, anunue makopo mawili, la praima na la rangi, pamoja na barakoa nzuri, na apake bodi nyekundu au nyeupe. Fedha isubiri eabrashi. Msasa wa 2000 na maji juu ya praima usirukwe, na kwenye kona mkono uwe mwepesi kwa sababu huko ndiko rangi hutoboka kwanza.

Kung'arisha nafanya kwa msasa wa kitambaa kuanzia 4000 hadi 12000, kisha kompaundi za Tamiya: ya kukata, laini, ya kumalizia. Lakini kwanza klia ikomae, na kipimo changu ni pua. Bodi iliyopo kwenye boksi mezani, Supra ya fedha, ilipata klia siku nne zilizopita. Nimeinusa asubuhi hii, bado ina harufu ya thina, nikafunika boksi.