Hatimaye Ben Quadinaros kawaka: gemu la Episode I Racer kwa jicho la fundi umeme

Gemu hili nimelinunua kwa ajili ya dereva mmoja tu, na dereva huyo si Anakin, shujaa wa filamu, wala Sebulba, mpinzani wake mkuu. Ni Ben Quadinaros.

Kama humkumbuki, hujakosea kitu. Katika filamu ya Star Wars Episode I ya 1999, kwenye mbio za Boonta katika sayari ya jangwa ya Tatooine, madereva 18 wamepanga mstari. Jabba, bosi wa wahalifu wa sayari hiyo, anamng'ata kichwa mnyama mdogo, anakitema kwenye kengele, mbio zinaanza. Wote wanaondoka isipokuwa wawili. Mmoja ni yule mtoto Anakin, ambaye chombo chake kinazima halafu kinakubali. Wa pili ni Ben, kiumbe ambaye ukimtazama unaona kichwa kimebebwa na miguu, kiwiliwili hukioni. Anahangaika na swichi zake pale, wenzake wameshafika mbali, halafu injini zake nne zinachomoka, kila moja na njia yake, na kile kikombe alichokalia kinadondoka chini puu. Basi. Sekunde chache, hadhira inacheka, filamu inaendelea.

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Gerezani, Dar es Salaam. Siku nzima watu wananijia na sentensi moja: "Fundi, haiwaki." Filamu ile niliionea kwenye kibanda cha video nikiwa sekondari, enzi zile za kaseti, na DJ wetu aliyekuwa akitafsiri papo kwa papo alipofika kwa Ben akasema, "Huyu kauziwa spea feki!" Banda zima likaanguka kicheko. Mimi nikabaki na maswali. Nani alimvuta kumtoa pale? Ile injini iliyoruka kulia iliangukia wapi? Fundi wake alilipwa?

Tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe, maana ndio gemu lote. Podi ni mkokoteni. Mbele kuna injini mbili kubwa kama za ndege, nyuma kuna kiti, katikati nyaya. Ng'ombe wawili na mkokoteni wao, ila ng'ombe hawa wanakimbia kilometa mamia kwa saa. Ben yeye kafunga wanne. Na ukiangalia vizuri utaona injini zake hazikuwa na shida, zote nne zilikuwa zinanguruma. Kilichokufa ni nira, ule umeme unaozishika pamoja. Hilo ni tatizo la umeme, si la injini, na ningependa liandikwe hivyo.

Sasa gemu. LucasArts walilitoa mwaka huohuo wa filamu, 1999, kwa Nintendo 64 na kompyuta. Mwaka 2020 kampuni ya Aspyr ikalirudisha kwa Switch na PS4, na hili ndilo nililonalo, la Switch. Bei ni dola 15 kasoro senti moja. Kwa sisi huku kulipata ni mzunguko kidogo: nilifungua akaunti ya Marekani na kununua kadi ya zawadi kwa kijana mmoja mtandaoni, ambaye alinikata faida ambayo sitaki mke wangu aijue.

Kuna njia 25 katika sayari 8, na madereva zaidi ya 20. Mwanzoni unapewa wachache. Wengine unawapata kwa kushika nafasi ya kwanza kwenye mbio ambazo wao ndio wenyeji. Teemto Pagalies, yule anayepigwa risasi na wale watu wa jangwani, nilimpata mapema kwenye sayari ya Mon Gazza. Mars Guo, ambaye Sebulba anamrushia chuma ndani ya injini, nilimpata kwenye machimbo. Ben alinichelewesha sana. Nilimsubiri usiku baada ya usiku kama mtu anayesubiri kontena bandarini.

Lakini kilichonishika mimi kuliko mbio zenyewe ni duka la Watto, muuza spea wa kwenye filamu. Hapa nawasifu waliotengeneza, walikaa na mafundi hawa. Ukimaliza mbio unapata hela, na kabla ya kuanza unachagua mwenyewe mgawanyo: kila mmoja apate kidogo, au mshindi abebe zote. Hela unaipeleka kwa Watto. Mbele ana spea mpya, bei ya kukutoa machozi. Nyuma ana uwanja wa skrepa, na huko utakuta kitu kilekile, kimechakaa kiasi, kwa bei ya kuongea. Kila kifaa kina mstari wa kuonyesha hali yake. Ni Gerezani tupu! Unanunua kipozea injini kilichochoka, unajiambia utakirekebisha, unaingia nacho kwenye mbio, kinakufia mzunguko wa pili. Nimewaonya wateja miaka yote kuhusu tabia hiyo, na mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo mara tatu.

Dawa yake ni droidi wa gereji, yaani roboti, wale vibwengo wenye kofia kama sahani. Unawanunua, na wanakarabati spea zako kati ya mbio na mbio. Chukua hao kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye filamu mmoja wao anafyonzwa na injini ya Ody Mandrell akiwa kazini, na kila nikiona tukio lile nawakumbuka vijana wanaoinama kwenye feni ya gari na shati halijachomekwa.

Uendeshaji unahitaji mkono mwepesi. Ukishafikia kasi ya juu, sukuma kijiti mbele mpaka taa ibadilike, achia mafuta, kanyaga tena, podi inaruka kama imechapwa. Usizidishe. Joto linapanda, injini inashika moto, na ukipuuza inalipuka. Kuna kitufe cha kukarabati ukiwa njiani, ila kinakula kasi, kwa hiyo kila mara unapiga hesabu: nikarabati sasa au nifike hivihivi? Dereva yeyote aliyewahi kutoka Chalinze na mshale wa joto umelala kwenye nyekundu anaijua hesabu hiyo.

Aquilaris utapita kwenye mahandaki ya vioo chini ya maji. Oovo IV ni gereza, na kuna bomba lisilo na mvutano ambamo mawe yanaelea tu mbele yako. Hapo nimekufa mara nyingi kuliko sehemu zote nyingine. Malastare sikuipenda, inanuka gesi hata kupitia kioo.

Sauti bado ni tamu kweli. Vaa spika za masikioni, sikiliza injini zinavyopishana kwenye kona. Picha ni habari nyingine. Sura zimebaki za 1999, milima ina kona kama maboksi ya friji, na watazamaji ni madoadoa. Hilo la watazamaji nimelisamehe, kwa sababu hata kwenye filamu sehemu kubwa ya umati ule ni vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, kama 450,000 hivi, vilivyopakwa rangi na kuchomekwa kwenye uwanja mdogo wa kuigiza. Lisilosameheka ni wapinzani. Ukishavalisha podi yako spea nzuri, hawakufikii. Nilishinda mbio za mwishomwisho nikiwa nimegonga ukuta mara mbili. Njia ni ngumu, ila watu hawana ugumu.

Na Ben? Nilipomfungua, nilikaa wima kabisa. Podi yake ni nzuri! Kile kiti kidogo, injini nne zimekizunguka, umeme wa zambarau katikati. Mara taa ya kuanzia inawaka, na yeye anaondoka. Kasi yake ikishachanganya, Sebulba unamwona mgongoni tu, mdogo kama nzi. Nilimpeleka Boonta yenyewe, njia ileile iliyomwaibisha, akamaliza wa kwanza.

Nilifurahi, halafu nikajisikia kuibiwa kidogo. Kwenye gemu hili Ben anawaka kila siku. Hakuna siku anagoma, hakuna jambo la kuangalia kwenye nira yake, hakuna hata spea moja ya Watto inayoitwa kwa jina la tatizo lake. Spea za breki zipo, za kona zipo, za kupoza zipo. Umeme wa kushika injini, ambao ndio ulimwangusha mbele ya Jabba na dunia nzima, haumo. Fundi umeme amesahauliwa tena. Hapo ndipo nilipokata nyota moja. Nimetoa 4 kati ya 5, na kama una watoto nyumbani chukua, maana kioo kinagawanyika mkacheza wawili.

Juzi nilicheza na mpwa wangu wa miaka tisa. Yeye akachukua Anakin, mimi Ben. Taa ikawaka, wote wakaondoka, mimi nikatoa kidole kwenye kitufe na kumwacha Ben asimame palepale kwenye mstari. Injini nne zinaunguruma, vumbi la wenzake linatulia. Dogo akamaliza mzunguko mzima, akanipita, ndipo akageuka.

"Mjomba, umekwama?"

"Nimekwama."

Akaangalia upande wangu wa kioo, akaniangalia mimi, akasema, "Si upige stata?"